Kusikia, Kusikiliza na Kusikilizana: Kazi ya Mtafiti Ugenini

Katika taarifa za watendaji wetu, za zamani na za sasa, hukutwa mara kwa mara kauli moja fupi: wananchi wa mahali fulani "hawasikii". Msomaji wa taarifa hasimami kuitafakari, maana anajua inachomaanisha. Wananchi wale wameambiwa wachimbe, wapande, wahame au wapunguze mifugo, nao hawakufanya. Katika Kiswahili mtoto asiyetii huitwa mtoto asiyesikia. Kusikia na kutii vimewekwa katika neno moja, na mtawala wa kila zama ameupenda mpango huo.

Lakini lugha hiyo hiyo inatupa njia ya kutokea. Kutokana na neno kusikia tumepata kusikiliza, na kutokana na kusikiliza tumepata kusikilizana. Kusikia hakuhitaji nia; mtu husikia ngurumo, husikia njaa, husikia baridi. Kusikiliza ni kazi ya mtu aliyekusudia, aliyeacha jambo jingine ili asikilize. Na kusikilizana ni hali ya watu wawili au zaidi waliofika mahali pa kuelewana. Hakuna awezaye kusikilizana peke yake. Kwa hiyo taarifa isemayo kwamba wananchi hawasikii inaeleza nusu ya jambo. Mwandishi wake hakuulizwa kama yeye mwenyewe alisikiliza, na kama alisikiliza, alikuwa amekaa wapi, akiwa nani, na mbele ya nani.

Makala hii inamhusu mtu huyo. Tutamwita mtafiti, ingawa si lazima awe mtu wa chuo kikuu. Mtafiti ni kila aliyetumwa kwa watu wengine ili ajue hali yao na kuieleza kwingine: Bwana Shamba, mganga wa zahanati, mwanafunzi aliye katika mazoezi ya vitendo, mtaalamu wa kigeni, na kada. Hoja yetu ni kwamba chombo cha kwanza cha mtafiti ni yeye mwenyewe. Mpima ardhi haanzi kupima kabla ya kuhakikisha kwamba kifaa chake kimekaa sawa, na kama kina kasoro anaijua na kuihesabu. Mtafiti asiyejua kasoro yake huandika vipimo vingi, kwa bidii na kwa uaminifu, na vyote vikawa na kosa lile lile.

UGENI HAUKO KATIKA PASIPOTI TU

Tumezoea kudhani kwamba suala la kuwasiliana na watu wa utamaduni mwingine ni suala la Wazungu wanaokuja kwetu. Hilo ni kosa. Nchi yetu ina makabila zaidi ya 120. Afisa aliyezaliwa Bukoba, akasomea Morogoro, akapangiwa kazi Hanang, ni mgeni Hanang. Kiswahili anachokitegemea kinaweza kuwa lugha ya pili kwa wanaume wa kijiji kile na lugha ya mbali kwa wanawake wazee. Zaidi ya kabila kuna ugeni wa tabaka, ugeni wa elimu, ugeni wa umri, na ugeni wa mwanamume anayetaka kujua mambo ya jikoni na ya uzazi. Mtu anaweza kuwa mgeni katika kijiji alikozaliwa, hasa akirudi na gari la serikali.

Tutazame salamu. Bwana Shamba kijana wa miaka 25 anafika kijijini, na mtu mwenye umri wa baba yake anainuka na kumwambia, "Shikamoo, mzee." Kijana akiitikia "Marahaba" bila kushtuka, ameshapoteza asubuhi nzima. Salamu ile haikumwendea yeye, imeiendea ofisi. Na majibu yote yatakayofuata, juu ya mbegu, juu ya mbolea, juu ya ukubwa wa mashamba, nayo yataiendea ofisi. Watu watamjibu kama wanavyojibu kodi.

MILIMA YA ULUGURU

Historia yetu ina mifano ya kutosha ya gharama ya kutosikiliza. Mpango wa karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea, uliobuniwa mwaka 1946 na kuvunjwa mwaka 1951, unajulikana mno na hatutaurudia, isipokuwa kukumbusha kwamba ujumbe uliopendekeza mpango ule ulimaliza ukaguzi wake katika muda usiofika miezi mitatu, katika nchi ya Wagogo ambao walikuwa bado wanaisimulia njaa kuu ya 1917 hadi 1920, waliyoipa jina la Mtunya. Uluguru haitajwi sana, lakini inafundisha zaidi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kukata matuta katika miteremko ya mashamba yao ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Nia yenyewe haikuwa ya kipumbavu. Udongo ulikuwa unaporomoka kweli, na maji ya mito ya Uluguru ni uhai wa tambarare zilizo chini yake. Walioleta amri walikuwa na vipimo vya mvua, vya miteremko na vya udongo. Waluguru walikataa. Maofisa wakaandika sababu zilizo karibu na mkono: uvivu, ushamba, uchochezi wa wanasiasa wa TANU. Julai 1955 ghasia zilizuka Matombo, polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akafa. Mpango ukaachwa.

Sasa, nini kilichokuwa hakikusikika? Kwanza, katika sehemu nyingi za mlima udongo wenye rutuba ni ngozi nyembamba. Ukikata tuta unaufukia udongo ule na kuutoa juu udongo mfu wa chini. Mavuno ya kwanza juu ya tuta jipya yalikuwa haba, na mkulima aliliona hilo kwa macho yake. Pili, kazi yenyewe ilikuwa nzito na iliwaangukia zaidi wanawake, ambao hakuna baraza lililowauliza. Lakini jambo la tatu ndilo la maana kwetu hapa. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na ardhi ni ya ukoo. Watu wengi walikuwa wakilima ardhi ya ukoo usio wao, kwa ruhusa ya mkuu wa ukoo huo na kwa ada ndogo ya kukubali kwamba ardhi si yao. Tuta ni kazi ya kudumu. Mwazimaji anayekata tuta anaonekana kudai umilikaji. Mwenye ardhi anayemruhusu anaonekana kuuacha. Amri iliyoonekana na ofisa kuwa ni ya udongo ilikuwa, kwa mkulima, amri ya kugombanisha koo.

Je, Waluguru hawakulisema? Hapana shaka walisema, kwa namna watu wanavyosema mbele ya dola: kwa kuchelewa kufika kazini, kwa kukata matuta ya kando ya barabara tu, kwa kusema kwamba wazee hawajakubaliana. Ofisa aliyajua maneno hayo yote. Aliyaweka katika safu ya utovu wa nidhamu badala ya safu ya habari. Serikali ile haikukosa hata wataalamu wa elimu ya jamii. Mmoja wao, Henry Fosbrooke, pamoja na Roland Young, walichapa mwaka 1960 kitabu kizima juu ya ardhi na siasa za Waluguru. Maarifa yalikuwapo. Yalikuja wakati maiti imekwisha kuzikwa.

Msomaji asifikiri kwamba kasoro hii iliondoka na bendera ya mkoloni. Kifungu cha 15 cha Mwongozo wa TANU wa 1971 kilikemea majivuno na dharau ya viongozi kwa sababu majivuno na dharau vilikuwapo. Na kasi ya Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976 iliacha nafasi ndogo sana ya kumuuliza mkulima kwa nini nyumba ya babu yake ilijengwa pale ilipojengwa.

JINA LA ADUI

Mfano wa pili unatoka Hanang. Kuanzia miaka ya 1970 Shirika la Kilimo na Chakula, NAFCO, likisaidiwa na Kanada, lilianzisha mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Basotu. Yalifika mashamba saba, yenye ekari zipatazo laki moja kwa jumla. Taifa lilihitaji mkate, na Kanada ilikuwa na ujuzi wa miaka mingi wa kulima ngano kwa mashine katika nyanda kavu. Wataalamu walitazama wakaona nyanda kama za kwao, tena zimekaa tupu.

Hazikuwa tupu. Wabarabaig, ambao ni tawi la Wadatoga, huhamisha ng'ombe wao kwa zamu kati ya aina kadhaa za malisho, na nyanda zile zenye rutuba, waziitazo muhajega, zilikuwa malisho ya majira ya mvua. Baadaye huachwa zipumzike. Mgeni aliyefika wakati wa mapumziko aliona utupu, kama vile mtu aingiavyo shuleni wakati wa likizo akaandika kwamba shule haina wanafunzi. Ekari zilizochukuliwa zilikuwa sehemu ndogo ya eneo zima la wilaya; hesabu hiyo ilitumiwa kuonyesha kwamba wafugaji hawakupoteza kitu. Lakini ukimkata mtu kidole gumba hukumwachia mkono wenye tisa ya kumi ya nguvu zake. Malisho mengine yalibeba mzigo wote, njia za kwenda kwenye maji na chumvi zikafungwa, na makaburi ya wazee, vichuguu vya heshima viitwavyo bung'eda, yakapitiwa na matrekta. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani. Mahakama Kuu ilikipa ushindi. Mahakama ya Rufani iliutengua mwaka 1985, kwa kuona kwamba kijiji hakikuthibitisha kuwa kiligawiwa ardhi ile kwa mujibu wa sheria.

Lawama hii si ya Wakanada peke yao, na ni hapo penye somo kwa kada. Wakanada walikuja na ugeni wao wazi. Waliokuwa na wajibu wa kuwasikilizisha ni sisi. Lakini sisi tulikuwa tunawaita watu wale Wamang'ati. Jina hilo si lao. Limetoka kwa Wamaasai, na maana yake ni maadui. Afisa aliyekwenda kuwahoji aliwaita maadui tangu kizingitini, bila kujua, kwa jina alilolikuta katika majalada. Hakuwa na chuki. Alikuwa na jina tu, na jina lilikuwa limekwisha kumfanyia nusu ya utafiti: hawa ni watu wakali, wa kuhamahama, wasio na kwao. Mtu wa kuhamahama anapokwambia "hapa ni kwetu", sikio lililoandaliwa namna hiyo husikia ukaidi.

MTAFITI NDANI YA DAFTARI LAKE

Wasomi wa elimu ya mila walichukua muda mrefu kulikubali jambo hili. Bronisław Malinowski, aliyeishi visiwa vya Trobriand wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, aliheshimiwa kama baba wa utafiti wa kukaa na wenyeji. Alifariki mwaka 1942. Mwaka 1967 shajara zake za faragha zilichapishwa, na wanafunzi wake wakasoma humo hasira, upweke na dharau kwa wale wale alioandika habari zao kwa heshima vitabuni. Watu wengine walisema ni aibu. Kwa maoni yetu aibu haikuwa kwamba alikuwa na hasira; nani angekaa peke yake ugenini asiwe nayo? Tatizo ni kwamba aliziweka mbali, katika daftari jingine. Vitabu vilibaki kana kwamba vimeandikwa na mtu asiye na moyo wala ngozi, na msomaji hakupewa njia ya kuhesabu kasoro ya kifaa.

Hapa kwetu Tanzania jambo hili lilipata kufanyiwa kazi kwa vitendo. Marja-Liisa Swantz, raia wa Finland aliyefika Tanganyika mwaka 1952 akiwa mwalimu, aliishi tangu 1965 kwa muda upatao miaka mitano katika kijiji cha Bunju, kaskazini ya Dar es Salaam, miongoni mwa Wazaramo. Alijifunza habari za mwali, za mti wa mkole na za waganga, mambo ambayo mwanamume asingekaribishwa kuyaona na ambayo dodoso lisingeyauliza. Kutokana na kazi ile alifikia uamuzi kwamba haiwezekani kuwatazama watu kama vitu vya kutazamwa na bado ukawaelewa. Ama unashiriki nao katika kutafuta jibu la swali ambalo na wao wanalo, ama unakusanya takataka zilizopangwa vizuri. Alipoingia katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1970, aliisukuma njia hii, ambayo leo huitwa utafiti shirikishi. Ilikuwa ni miaka ile ile ambayo Paulo Freire wa Brazil alipita Dar es Salaam, mwaka 1971, na watu wa elimu ya watu wazima walikuwa wanauliza maswali ya jamaa na hayo.

Kuanzia 1975 hadi 1979 mradi wa Jipemoyo, wa Wizara ya Utamaduni ya Taifa na Vijana pamoja na chuo cha sayansi cha Finland, uliijaribu njia hiyo katika sehemu za magharibi za Wilaya ya Bagamoyo. Walikuwamo watafiti Watanzania na Wafini, wakulima Wakwere na Wazigua, mafundi, na wafugaji Waparakuyo. Wale waliotarajia kwamba ushirikishwaji ungeleta amani tupu walishangaa. Mkulima na mfugaji hawana swali moja juu ya ardhi. Kila mmoja anamtaka mtafiti awe upande wake. Mtafiti anayesema "mimi sina upande" huku analala katika nyumba ya mwenyekiti ambaye ni mkulima, amekwisha kuwa na upande, na wafugaji wamekwisha kuliona hilo kabla yake. Kwa hiyo kujitambua si suala la tabia njema tu, wala si kujiuliza kwa siri kama una roho nzuri. Ni suala la hali halisi: unalala wapi, unakula kwa nani, nani alikutambulisha, nani anakulipa, na taarifa yako itasomwa na nani.

Amílcar Cabral aliijua hesabu hii vizuri. Mwaka 1953 alizunguka Guinea iliyotawaliwa na Wareno akiwa mhandisi wa kilimo, akisimamia sensa ya kilimo kwa niaba ya serikali ya kikoloni. Alikuwa mtoto wa watu wa Cape Verde, msomi wa Lisbon, mwenye mshahara wa Mreno. Kwa mkulima wa Kibalanta yeye alikuwa ofisa. Lakini alijua kwamba yeye ni ofisa, na alijua kwamba Wabalanta wasiokuwa na machifu na Wafula wenye machifu hawamtazami ofisa kwa jicho moja. Tofauti hiyo aliyoisikiliza akiwa upande usio wake ndiyo aliyoichambua baadaye akiwa kiongozi wa PAIGC. Na makada wake waliokwenda vijijini hawakutakiwa kuanza na maneno makubwa ya ukoloni, bali na bei ya karanga, kodi, na kazi za kulazimishwa. Yaani waanze pale ambapo mkulima mwenyewe ana la kusema na kada analo la kujifunza.

KAZI YENYEWE

Katika utendaji, mambo mengi huharibikia kwa mkalimani. Tunamchukulia kama bomba: maneno yanaingia huku na kutokea kule. Kumbe mkalimani ni mtu wa kijiji, ana shemeji, ana deni, ana shamba mpakani. Bibi anasema kwa dakika tano, mkalimani anasema, "Amekubali." Mtafiti mwenye haraka hushukuru. Mtafiti mwenye akili husimama hapo hapo na kuomba dakika zile tano zirudishwe neno kwa neno, kisha baadaye humwuliza mtu mwingine asiye na undugu na mkalimani.

Kadhalika kuna lugha ya adabu. "Tutajitahidi", "tutaangalia", "Mungu akipenda", "wewe ndiye mtaalamu": kila mwana wa Kiswahili anajua kwamba maneno haya mara nyingi ni hapana iliyovikwa kanzu. Tunalijua tukiwa nyumbani, tukialikwa harusi tusiyotaka kwenda. Tukivaa cheo tunalisahau, na kuandika kwamba mwitikio ulikuwa mzuri. Kimya nacho kina maana yake. Katika mabaraza mengi ya wazee mkubwa husema mwisho, na swali zito halijibiwi siku lilipoulizwa. Anayedai jibu kabla ya gari kuondoka hupewa jibu la kuliondoa gari.

Njia moja ya kawaida, isiyohitaji fedha, ni kuigawa kurasa ya daftari sehemu mbili. Upande mmoja yaandikwe yaliyosemwa. Upande wa pili yaandikwe mambo yanayomhusu mtafiti wakati ule: nilikaa kwenye kiti na wao mkekani, Katibu Kata alikuwapo, wanawake waliondoka kwenda kuteka maji tulipofika swali la nne, nilikuwa na njaa, nilitarajia waseme mbegu ni mbaya, nikafurahi waliposema hivyo. Mstari huu wa mwisho ndio mgumu kuuandika, na ndio wenye thamani kuliko yote. Jibu lililomfurahisha mtafiti hapana budi likaulizwe tena, na mtu mwingine, mahali pengine, penye watu wengine.

Kisha kuna kurudi. Katika utafiti mwingi kijiji hutoa muda wake, siri zake na kuku wake, na hakioni kamwe kilichoandikwa. Taarifa huenda wilayani, mkoani, kisha kabatini. Kanuni ya utafiti shirikishi ni kwamba taarifa isomwe kwanza katika mkutano wa wale walioihusu, kwa lugha wanayoielewa, kabla ya kupelekwa popote. Hapo ndipo mtafiti hupimwa. Watu watasema: hapa umetusikia, hapa hukutusikia, na hapa tulikudanganya kwa sababu yule bwana alikuwa amekaa karibu nawe. Kusahihisha jina la mto au idadi ya mbuzi ni rahisi. Lakini mkutano ukisema kwamba swali lenyewe lilikuwa baya, kwamba uliuliza habari za matuta wakati jambo lilikuwa ardhi ni ya nani, mtafiti atakuwa na taarifa mbili mkononi: ile aliyotumwa kuileta, na ile aliyoipata. Aziambatanishe zote mbili, ya pili ikiwa juu, na aandike jina lake.